Wanyama Tuliowapima kwa Vitambaa

Mpendwa Bhai Kanti,

Kabla ya salamu, ugomvi: miguu ya chura haihesabiwi. Ulisema inahesabiwa, nikakataa, ukapanda ndege ukaenda Kanada bila kukubali kwamba umeshindwa. Nimeanzia hapo kwa sababu nikianza na habari za afya yako nitalia, na niko na suruali ya mwalimu hapa kwenye cherehani, sitaki kuilowesha.

Barua hii utasomewa na binti yako, Hina. Hina, soma polepole. Baba yako akicheka, mwache amalize kucheka. Asipocheka, wewe endelea tu. Ni yeye aliyeniambia niandike, Bhai. Anasema mambo mengi yamekutoka kichwani, hata majina ya wajukuu, lakini ukisomewa Kiswahili unatulia na kusikiliza. Anasema pia Jumapili mtanipigia tena ile simu ya kuonana uso kwa uso. Na mimi sijui kama nitaipokea. Wacha nikuambie ukweli, ile ya kwanza ilinimaliza. Nitafika huko. Kwanza nikukumbushe sisi ni akina nani.

Mimi ni Maina, fundi wa nguo, ninayekuita Bhai, yaani ndugu kwa Kigujarati chenu. Cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka lako la vitambaa hapa Nyeri mjini tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, zako na zangu. Wewe ndani nyuma ya kaunta, mimi nje kwenye baridi. Mtu akinunua kitambaa kwako unamwelekeza kwangu kwa kidevu: "Fundi iko hapo. Mdomo mrefu, lakini mkono mzuri." Kikuyu chako kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chako, na akina mama waliotoka Gakindu kununua sare za watoto walipenda kukusikia ukiwatania kwa lugha yao. Lakini mimi na wewe tulizoea kugombana kwa Kiswahili. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kilikuwa si cha baba yako wala si cha baba yangu, hakuna aliyekuwa nyumbani zaidi ya mwenzake.

Televisheni ndiyo iliyoleta maneno. Daktari alisema habari za siasa zinakupandisha presha, basi mkeo, Mama Hina, akapiga marufuku siasa dukani. Ikabaki kuwashwa kwenye wanyama asubuhi hadi jioni. Nayo ilikuwa juu ya rafu, imeielekea kaunta, mimi imenipa mgongo. Sikuwahi kuona hata mnyama mmoja. Nilichopata ni sauti yako tu.

"Fundi! Ati Kameruni iko chura kubwa kama paka!"

"Uongo!"

"TV nasema."

"Hiyo TV imewahi kufika Kameruni?"

"Mtu ya picha imefika."

"Basi arudi na chura tumwone."

Ukakasirika. Uliposhindwa kunileta ndani nione, kwa sababu nilikuwa na wateja, ulivuta jora la kitambaa cha kijani cha sare, ukalilaza juu ya ile mita ya shaba iliyopigiliwa misumari kwenye ukingo wa kaunta, ukapima chura. Futi moja mwili. Ukasogeza kidole mbele zaidi, ukasema na miguu ikinyooshwa nyuma inafika hapa. Nikakuambia, Bhai, hakuna fundi anayempima mtu suti akiwa ameinua mikono juu. Mwili ni mwili. Ukaniambia chura si suti. Na huku tunabishana, mkono wako ukafanya kazi yake. Ukatia mkasi kidogo ukingoni, ukashika pande mbili, ukapasua. Chwaa!

Tukakitazama sote wawili. Kipande cha futi moja cha kitambaa cha shule hakifai kitu, hata kola hakitoi. Mama Hina alisikia mpasuko huko nyuma alikokuwa akichemsha chai, akatoka kuona mteja. Hakuona mteja.

"Nani nunua hii ndogo?"

"Hakuna mtu," ukasema.

"Ni chura," mimi nikasema kutoka nje.

Alicheka mpaka akakalia marobota ya blanketi. Mama wa watu, alikuwa na kicheko cha kufukuza baridi. Mpaka leo ni hicho ninachokikosa zaidi kuliko chai yake, na chai yake ilikuwa na tangawizi ya kutosha kumwamsha maiti.

Tangu siku hiyo ikawa ni mazoea. Ulijiapiza hutapasua tena, na kila mara ukapasua. Mtu aliyeuza vitambaa maisha yake yote, akishapima, mikono haimsubiri. Mama Hina akakuamuru utumie mabaki ya majora tu, akatoa katoni ya kuwekea vipande. Kindi mkubwa wa India ni kipande cha rangi ya damu ya mzee, karibu mita moja na mkia wake. Huyo ulimpima kwa madaha, ukisema hata kindi wa kwenu wanavaa vizuri kuliko wa Nyeri. Kinyonga? Hapana, hakuwa kinyonga, alikuwa yule mjusi mkubwa wa visiwa vya Indonesia, anayekula hata nyati. Flana ya kijivu, mita tatu. Kaa wa Japani, ukinyoosha miguu yake huku na huku, alipita urefu wa kaunta, na hapo tuligombana tena juu ya miguu. Nyungunyungu wa Australia ulimpima kwa utepe wa nywele, na mimi ninayelima viazi Mweiga, ninayegeuza nyungunyungu kwa jembe kila msimu, nilikuambia usinitukane.

"Iko mita moja, Fundi. Iko zaidi!"

"Huyo si nyungunyungu, huyo ni nyoka ambaye hajaambiwa."

Mteja mmoja aliona kipande cha kahawia kwenye katoni akataka kukinunua ashonee mto. Ukamwambia hakiuzwi, hicho ni panya wa Amerika ya Kusini. Yule mama alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye akili pale, nikamwambia ni kweli, ni panya, na ni mzito kuliko mbuzi wako. Akaenda zake bila kuaga.

Sijawahi kukuambia vile nilivyokuwa nikienda nyumbani na hao wanyama. Nilifika Mweiga jioni, mke wangu Nyawira akiwa anamaliza kukamua, na kabla sijavua koti ananiuliza, "Leo ni nani?" Namwonyesha kwa mikono, au natembea kutoka mlangoni mpaka kwenye ndoo ya maziwa. Alipomsikia yule panya akasema, "Huyo abaki huko huko, viazi havijakomaa." Tulikuwa tumelea watoto wakaenda, na jioni za watu wawili waliokaa pamoja miaka mingi huwa fupi kwa maneno. Wanyama wako walizirefusha. Nakushukuru kwa hilo, ingawa nimechelewa.

Mara moja tu nilikushinda kabisa, na nataka Hina asome hapa kwa sauti. Siku hiyo ulipunguza sauti ya televisheni, nikajua kuna jambo. Mwisho ukasema polepole, kama mtu anayelipa faini, "Fundi. Nguruwe ya mwitu kubwa kushinda yote dunia mzima. Unajua iko wapi?"

"Wapi?"

"Hapa. Aberdare."

Haiya! Niliinuka kwenye kiti. Nilikuambia sisi wa Mweiga tumekuwa tukimfukuza huyo kwenye mashamba kabla televisheni haijazaliwa. Mweusi, nywele ndefu, uso mpana kama sinia. Kabla ya ule ua wa umeme kuwekwa kando ya msitu, marehemu mama yangu alimkuta kwenye viazi alfajiri, akadhani ni ndama wa jirani, akamchapa na mwiko. Akamchapa! Na nguruwe akaondoka kwa heshima zake. Ulipima karibu mita mbili za kaki, ukapasua, na safari hii ulinikunjia kipande ukanipa mkononi. Ukasema cha kwetu kikae kwetu. Nyawira alikishonea pindo akakitandika mezani.

Halafu nyangumi. Bhai, kama umesahau yote, jaribu hili.

Ilikuwa wakati shule zimeshafunguliwa na hakuna mteja hata wa kifungo. Ulisema mnyama mkubwa kupita wote, waliopo na waliokwisha kufa, ni nyangumi wa buluu, mita thelathini. Nikasema duka zima na ghala lake havimtoshi. Ukasema basi atoke nje. Ulichukua jora jipya la amerikani nyeupe, jipya kabisa, Mama Hina akiwa amelala kidogo huko nyuma, ukasimama mlangoni kushikilia mwisho mmoja, nami nikaushika ule mwingine nikaanza kutembea barabarani. Nikapita duka la dawa. Nikapita kwa kinyozi, wateja wakageuza vichwa na sabuni zao. Wewe unahesabu mita kwa sauti ukiachilia kitambaa mkono baada ya mkono. Kijana wa bodaboda akasimamisha pikipiki.

"Mzee, hiyo ni ya nini?"

"Nyangumi."

"Nani?"

"Nyangumi! Samaki wa baharini!"

Na wewe kutoka mlangoni, bila haya: "Hapana samaki! Iko mnyama! Inanyonyesha!"

Hapo watu wakaanza kukusanyika. Mama mmoja na kikapu chake akauliza ni mwanasiasa gani anagawa vitambaa, na kabla sijajibu alikuwa ameshika katikati ya kitambaa, na nyuma yake wengine wanapanga foleni, wanasukumana, wanaulizana kama ni mita mbili kila mtu au ni tatu. Nikawaambia hakuna kinachogawiwa. Wakasema ndivyo husemwa kila mara, vitu vinakwenda kwa wenye kujuana. Nilikuwa karibu na hoteli ya chai, mbali na wewe, niliposikia umefika thelathini. Nikaona mkasi ukimeta.

"Bhai, usikate!"

Chwaa! Mpasuko ule ulisikika mpaka kwa kinyozi. Umati ukapiga makofi, wakidhani sasa ugawaji umeanza. Ilibidi Mama Hina atoke na ufagio. Usiku ule sikuuona, lakini najua ulilala na njaa.

Yeye ndiye aliyekifua kile kitambaa, akakipiga pasi sehemu kwa sehemu, akakiweka rafu ya juu. Hakukiuza. Mtu akiomba amerikani alishusha jora jingine.

Nyawira wangu alifariki kwenye mvua ndefu. Unajua Mweiga wakati wa mvua, gari halipandi, watu wanatembea na viatu mkononi. Tenti tulizokodi zilikuja chafu, moja imechanika, na hakukuwa na mtu wa kupelekewa malalamiko. Mimi nilikuwa nimekaa tu. Mtu aliniletea uji nikaushika mpaka ukapoa. Nikainua macho nikawaona wewe na Mama Hina mkipanda kilima kwenye tope, wewe na ndara zako, umefunga duka siku ya soko, kitu ambacho hukukifanya hata Hina alipozaliwa. Umebeba mzigo mweupe kifuani. Ulipanda juu ya stuli na pini mdomoni, ukauzungusha ule mweupe tenti nzima, nguzo kwa nguzo, mpaka uchafu haukuonekana. Kisha ulikuja ukasimama kando yangu, ukatoa pini ya mwisho mdomoni.

"Fundi, kubwa yetu imekuja kukaa na mama," ukasema.

Pasta aliwashukuru walioleta mapambo. Katika watu wote waliokuwa pale, ni sisi watatu tu tuliojua kwamba tunamzika Nyawira tumboni mwa nyangumi. Mimi nilikuwa nalia na nikataka kucheka, na nilijua kwamba yeye pia angecheka, angeuliza, leo ni nani? Sijawahi kupata neno la kukushukuru kwa siku hiyo. Sina hata sasa.

Baadaye ikawa zamu yako. Mama Hina hakuumwa muda mrefu. Nilikaa na wewe dukani siku zilizofuata bila kuwasha televisheni, na chai nilipika mimi, mbaya kabisa, ukainywa. Hapo ndipo ulipoanza kuondoka, ingawa mwili ulikuwa bado unafungua duka kila asubuhi. Sikujua mapema. Ulinisimulia habari za chura wa Kameruni, nikadhani unatania. Kesho yake ukanisimulia tena, macho yakiwaka, kana kwamba umemwona sasa hivi. "Fundi! Ati kubwa kama paka!" Nami nikajibu, "Uongo!" Ukapima. Tukagombana juu ya miguu. Kila asubuhi vita ileile, na sikuwahi kukuambia tumeshapigana. Nilikubishia kila mara kwa nguvu zile zile. Nilijua fika kinachoendelea, lakini nitakuambia jambo la aibu kidogo: nilifurahi. Nilikuwa natoka Mweiga kwenye nyumba tupu nikijua kwamba kuna mtu ananisubiri na chura.

Siku niliyoogopa kweli ni nyingine. Mteja alikuja kutaka kaki mita tatu. Ulipima vizuri, moja, mbili, tatu. Ukatia mkasi ukingoni. Halafu ukasimama. Ulishika kitambaa pande mbili ukakitazama, mikono imetulia, hujui kinachofuata. Mteja akasubiri. Niliinuka nikaingia ndani, nikaweka mikono yangu juu ya yako, tukapasua pamoja. Ukanitazama ukasema, "Shukrani, bwana," kwa adabu, vile mtu anavyomshukuru aliyemwokotea kofia. Nilitoka nikapiga simu Kanada, nikamwambia Hina aje.

Hukutaka kwenda. Hina alikuambia ni matembezi, na mimi nikaunga mkono. Nilikushonea koti la baridi, zito, la bitana mbili, kwa sababu ulikuwa umezoea baridi ya Nyeri, lakini hiyo ya huko sikuiamini. Mkono wa kushoto niliurefusha kidogo, unajua bega lako moja limeshuka. Ulipoingia garini ulikuwa unasoma mabango ya maduka kwa sauti, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.

Duka lako sasa ni la maganda ya simu. Kijana aliyelikodi hana ubaya, ameniacha veranda bila maneno mengi, ila anapiga muziki mpaka sindano ya cherehani inapoteza hesabu. Rafu zimeng'olewa. Ile katoni ya vipande iko kwangu, nimeipanga juu ya kabati. Watoto wangu wamemnunulia baba yao simu kubwa, na juzi, kwa mara ya kwanza, nilimwona chura wa Kameruni. Nilimwona, Bhai! Miaka yote nimemjua kwa urefu tu, sura sikuwa nayo. Ana uso wa mtu aliyeamshwa kudaiwa. Nikageuka kwa haraka niseme ndani, "Bhai, hata si mzuri!" na maneno yakatoka kabla sijakumbuka. Yule kijana akapunguza muziki.

"Sema, mzee?"

"Hakuna."

Akaongeza muziki. Nilikaa na yule chura mkononi mpaka simu ikajizima yenyewe. Siku hizi napita saa nyingi bila mtu wa kuniambia nakosea. Watu wananiheshimu, wananiita mzee, wananikubalia kila nisemalo. Nikisema leo ni Jumatano nao wanasema ndiyo, hata kama ni Alhamisi. Hujui upweke ni kitu gani mpaka watu waache kukubishia.

Sasa ile simu. Hina aliishika mbele yako, nikakuona umekaa kitini karibu na dirisha, umevaa sweta ambayo kola yake imekaa vibaya. Umekonda. Nilisema, "Bhai! Habari ya Kanada?" Ulinitazama vizuri, bila haraka, ukamgeukia Hina ukamwuliza kwa Kigujarati. Hina akaniambia, "Anasema unaonekana mzima, Fundi." Nikasema asante. Lakini Bhai, nimekaa mlangoni pako maisha yangu yote. Kigujarati kidogo kiliniingia bila ruhusa. Ulimwuliza, huyu ni nani?

Sikupika jioni ile. Nilifunga ng'ombe, nikakaa kwenye kiti cha Nyawira. Nilikuwa najiambia ni ugonjwa, si wewe, na ni kweli, lakini ukweli mwingine haupunguzi kitu. Hesabu mwenyewe. Nyawira amekwenda. Mama Hina amekwenda. Wale wa barabarani waliona kitambaa tu; watu wanaojua kwamba nyangumi amewahi kupita mbele ya kinyozi hapa Nyeri tumebaki wawili, na mmoja anatoka polepole. Ukishatoka wewe, hata mimi nitaanza kujiuliza kama yalitokea. Ndiyo maana nimemwambia Hina sina hakika na Jumapili. Naogopa kuulizwa tena. Mara ya kwanza niliweza kusema hukuniona vizuri, ni mambo ya mwanga. Mara ya pili sitakuwa na la kusema.

Ila Hina ameniambia jambo moja, na limekataa kunitoka. Anasema mchana kutwa unashika shuka la kitanda, unavuta ukingo wake mpaka puani, unanyoosha mkono mwingine mpaka mwisho, kisha unasogeza, unavuta tena. Wanaokutunza wanasema ni mahangaiko ya ugonjwa, wanakupa kitu kingine ushike. Hina akaniuliza kwa sauti ndogo kama najua unachofanya. Nilimwambia unapima. Kuanzia puani hadi kwenye vidole, ndivyo marehemu baba yako alivyopima yadi kabla ya mita kuja, ulinionyesha mwenyewe. Akaniuliza, anapima nini? Labda ni mnyama. Labda ni sare za watoto wa Gakindu. Labda wale wa huko wanasema kweli na ni mikono tu inayotembea bila mwenyewe. Sijui, Bhai, na sitaki kumdanganya mtoto wako. Nimemwambia tu wasikunyang'anye shuka.

Na nilipokuwa namwambia hivyo nilijisikia nikisema kwa ukali, kwa sauti ya mtu anayemtetea wa kwake. Nimekaa na sauti hiyo tangu jana. Nimejiuliza, mimi Maina, nani aliniambia kwamba urafiki lazima ubebwe na wawili kila siku? Nyawira alipougua, siku za mwisho hakujua kama aliye kando yake ni mimi au ni dada yake, na sikuinuka kitandani pake kwenda kutafuta mahali ninapojulikana. Nilikaa. Haikunijia hata kufikiri vinginevyo.

Basi Hina, sikiliza, hapa naongea na wewe kidogo. Jumapili piga simu. Nitakuwa nimevaa vizuri, nitakaa kwenye mwanga. Mpangie baba yako kola hiyo kwanza, inanikera. Na akikuuliza mimi ni nani, usinifichie, usinitafsirie heshima. Mwambie ni fundi, yuko Nyeri, ana mdomo mrefu. Akiuliza tena baada ya dakika, mwambie tena.

Na wewe, Bhai yangu, usijilazimishe. Usikunje uso ukitafuta jina langu, utaumwa kichwa bure. Hunijui, sawa. Mimi nakujua, na kwa sasa hiyo inatutosha sisi wawili.

Ni mimi, ndugu yako wa veranda,

Maina